Kufaragua Nako ni Kazi ya Chama

Katika matawi yetu yameingia maradhi, na dalili yake ni barua. Tawi likikosa viti, barua. Bendera ikichanika, barua. Mvua ikivuja juu ya daftari la wanachama, barua nyingine, yenye mhuri na sahihi tatu, ikiomba "msaada wa haraka". Barua hiyo huenda wilayani, kutoka wilayani huenda mkoani, na huko hulala. Ikilala barua, na tawi nalo hulala. Ukimwuliza Katibu kwa nini hapakuwa na mkutano tangu mwezi wa Ramadhani, atakujibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha timiza wajibu wake: "Tumeandika, ndugu. Twangoja majibu."

Hatusemi haya kwa kumcheka mtu. Makatibu wetu wa matawi hawalipwi, na wengi wao hufanya kazi ya chama jioni, wakiwa wamechoka na jembe au na duka. Twasema kwa sababu chama kinachohubiri kila siku kwamba nchi yetu isimame kwa miguu yake, wananchi hukipima kwa kile wanachokiona karibu nao. Mama wa kijijini hawezi kwenda kuyapima makao makuu. Yeye hulipima tawi. Akiona watu wazima thelathini, na miongoni mwao maseremala wawili, wamesimama mwaka mzima kwa kukosa benchi, atauamini vipi mdomo wetu tukimwambia habari za kujitegemea?

Ujuzi tunaoukosa una jina zuri la Kiswahili: kufaragua. Walimu walijua sana neno hili. Kufaragua ni kuitenda kazi iliyo mbele yako kwa vitu vilivyo karibu nawe, bila ya kungojea vile ambavyo vingestahili kuwapo. Wako wanaodhani kwamba ni kipaji, kwamba fulani kazaliwa na akili ya mikono na fulani hakuzaliwa nayo. Sisi twakataa kabisa. Kufaragua ni ujuzi kama kusoma au kuendesha baiskeli; hufunzwa, hufanyiwa mazoezi, na asiyefanya mazoezi humpotea.

Sisi tuliopita chuo cha ualimu twajua jinsi unavyofunzwa. Mwanachuo hupewa somo la vipimo aliandalie vifaa. Hurudi na jibu la kwanza linalomjia kila mtu: "Mwalimu, mizani hakuna." Mkufunzi mwema hamkaripii. Humwambia: usinitajie kitu, nitajie kazi. Mizani yafanya kazi gani? Yalinganisha uzito wa vitu viwili. Haya, ni nini humu chuoni kinachoweza kulinganisha uzito wa vitu viwili? Hapo mwanachuo huanza kufikiri. Hutafuta ufito ulionyooka, huufunga kamba katikati mpaka utulie sawasawa, hutundika kopo kila mwisho. Mawe ya mizani je? Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi chupa ya maji ya nusu lita, ukimimina maji yake koponi, imekupa nusu kilo. Kwa fito, kamba, makopo na maji watoto watapima mahindi, watapima maharage, na watayafahamu mambo ambayo mtoto wa shule yenye mizani ya dukani huenda asiyafahamu, maana huyo huona mshale tu, haoni sababu yake.

"Usitaje kitu, taja kazi." Kama msomaji atachukua neno moja tu katika makala haya, tungependa liwe hilo. Mtu asemaye "hatuna kipaza sauti" amekwisha ufunga mlango, kwa kuwa kipaza sauti kipo dukani na fedha hazipo. Mtu asemaye "twataka watu wa vitongoji vitatu wapate habari ifikapo Ijumaa" ameufungua, kwa kuwa habari ina njia nyingi: mbiu, watoto wa shule, kijana wa bodaboda anayepita vitongoji vyote vitatu, tangazo baada ya sala msikitini na kanisani, simu ya balozi, kinamama wanaokutana kisimani kila alfajiri. Uhitaji ni ule ule, lakini wa pili una milango sita.

Na msidhani kwamba haya ni ya darasani tu. Katika kijiji kimoja tulichokuwa tukikitembelea kwa kazi ya chama, wakulima walinung'unika kwamba mahindi yao hupungua kila yanapofika kwenye mizani ya mnunuzi. (Habari ya lumbesa, yaani gunia linaloshonewa kilemba juu yake, wasomaji wetu waijua, tutaiandikia siku yake.) Kulikuwa na pendekezo la kuandika barua. Lakini kijana mmoja wa tawi, ambaye mtoto wa dada yake alikuwa amefundishwa habari ya maji na kilo, alikuja sokoni na dumu tupu na chupa ya lita moja. Akaomba kwa adabu dumu tupu litundikwe kwenye mizani, watu wakausoma uzito wake kwa sauti. Kisha, mbele ya kadamnasi, akatia maji humo kwa ile chupa, mara 20, kinamama wakihesabu. Dumu likatundikwa tena. Palipopasa kuongezeka kilo 20 ziliongezeka 17.

Fanyeni hesabu. Kila kilo 20 zinakwenda tatu; mwenye gunia la kilo 100 anaandikiwa 85. Mnunuzi kwanza alicheka, kisha akakasirika, kisha akasema mizani imepata mtikisiko njiani. Huenda. Lakini siku ile hakuna aliyeuza, na gulio lililofuata ilikuja mizani nyingine yenye alama ya wakaguzi wa vipimo, nayo ikajaribiwa kwa dumu lile lile, ikakutwa ni kweli. Kijana yule hakutumia hata senti moja. Alikuwa na dumu, chupa, maji ya mto na jambo moja alilolijua barabara. Mkulima mwenye dumu hakuhitaji kumwamini mtu, wala kumwogopa.

Wala jambo hili si geni katika historia yetu. TANU ilipoundwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, waliokutana walikuwa watu 17. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuwakataza watumishi wake wasijiunge na siasa, na siku zile mtu aliyesoma alikuwa karibu lazima awe mtumishi wa serikali. Kwa hiyo wale ambao chama kingewatazamia wakiandikie barua na kukishikia hesabu, wengi wao walikuwa wamefungwa mikono. Mwalimu Nyerere mwenyewe, baada ya kwenda New York mwezi wa Machi 1955 kulieleza Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa habari za Tanganyika, ilimbidi kuchagua baina ya siasa na kazi yake ya kufundisha Pugu. Akaiacha kazi.

Mwaka huo huo wa 1955 alifika mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, jina lake John Hatch, akawauliza wazee wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Hawakuwa na wa kumwonyesha. Kazi ya kuwaleta wanawake akapewa Bibi Titi Mohamed, mama wa mjini Dar es Salaam, aliyesoma shule ya msingi tu, na ambaye watu walimfahamu kwa sauti yake katika ngoma za kinamama. Hakupewa jengo wala motokaa. Alikuwa na nini basi? Aliwajua wakubwa wa vikundi vya ngoma. Na vikundi vile, ukivitazama vizuri, vilikuwa na kila kilichokosekana katika chama: viongozi wanaosikilizwa, siku za kukutana, desturi ya kuchanga bila kusukumana, na njia ya kupeleka neno nyumba hadi nyumba kabla jua halijatua. Bibi Titi aliwaendea wakubwa hao, akazungumza nao mmoja mmoja, na kila aliyekubali alikuja na watu wake. Haukupita muda mrefu wanawake walioandikishwa wakawa wanahesabiwa kwa maelfu.

Watu huisifu sauti ya Bibi Titi, na ushujaa wake, nao ulikuwa mkubwa. Sisi twataka leo kuyasifu macho yake. Wanaume wengi wa mjini walikuwa wameziona ngoma zile kila Jumamosi miaka nenda miaka rudi. Waliona ngoma tu. Yeye aliona matawi yaliyokwisha jengwa, yanayongoja kadi. Hata leo, ni makatibu wangapi wanaovipita vikundi vya kuweka na kukopa vya kinamama, vikundi vya kuzikana, timu za mpira za vijana, kwaya, madrasa, huku wakilalamika kwamba "hapa watu hawataki kujipanga"? Watu wamekwisha jipanga. Ni Katibu ambaye hajawaona.

Kwa vijana, ambao huenda wakasema mambo ya 1955 ni ya wazee, tutawatajia jirani. Malawi, katika wilaya ya Kasungu, njaa kubwa iliingia mwaka 2001 na 2002. Mtoto wa mkulima, William Kamkwamba, wa miaka 14, aliachishwa shule ya sekondari kwa kukosa ada. Hakukaa kibarazani. Alikwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, akakuta humo kitabu cha sayansi cha Kiingereza, lugha ambayo hakuwa ameifahamu vizuri. Akaanza na picha, na maneno yaliyo karibu na picha akayatafuta maana moja moja. Aliona kinu cha upepo. Hapakuwa na kiwanda wala fundi wa vinu vya upepo Kasungu nzima. Lakini kinu kinafanya nini? Upepo huzungusha mabawa, mabawa huzungusha mtambo mdogo wa umeme. Akachukua feni ya trekta bovu, mabomba ya plastiki akayapasha moto na kuyanyoosha yawe mabawa, fremu ya baiskeli ya zamani, dainamo ya baiskeli, na miti ya mikaratusi kwa ajili ya mnara. Swichi alizitengeneza kwa raba ya kandambili. Watu walipomwona akichakura kwenye chuma chakavu walisema kijana kaharibika akili. Mwaka 2002 taa ikawaka nyumbani kwao, na baadaye majirani wakaja kuchaji simu.

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Kijana huyu hakuanza na mnara. Alianza na kinu kidogo cha majaribio, na kilipozunguka na kuliamsha redio ndipo alipokwenda kwenye kikubwa. Katika matawi yetu mambo hugeuzwa: huanzwa na "mradi" wa shamba la ekari 20, kamati ya watu tisa, chai ya uzinduzi. Mvua ikigoma, mradi umekwisha na fedha za wanachama zimekwisha. Jaribu nusu ekari. Ukikosea, umekosea kwa nusu ekari, na umejifunza kwa bei nafuu.

Ni nini basi kinachowazuia watu wazima, wenye akili zao timamu, kufanya alichofanya mtoto? Twaamini ni aibu. Ukoloni ulitufundisha kuheshimu kitu kilichotoka kwenye sanduku. Shule za mkoloni zilitaka makarani, na karani mwema ni yule atekelezaye alichoagizwa kwa karatasi na kalamu aliyopewa. Akitumia akili yake anaitwa mjuaji. Miaka mingi imepita, lakini karani yule yumo ndani yetu bado. Benchi la mbao za mnazi lililogongwa na fundi wa mtaani twaliona la kimaskini, mgeni wa wilayani akija twaazima viti vya plastiki vya harusi. Tumepata kuona tawi lenye mabenchi manne imara kabisa yakifichwa nyuma ya ofisi ili picha ipigwe na viti vya kukodi! Kiongozi anayekuja kijijini na kukaa juu ya benchi lile, akauliza ni fundi gani aliyelitengeneza na jina lake likatajwa mbele ya watu, amefanya kazi ya chama kuliko hotuba ya saa mbili.

Hapa yatupasa kutenga mambo mawili yanayofanana kwa mbali. Wako wajanja wanaojiita wabunifu. Kughushi stakabadhi ya mafuta, kuuza kadi za chama kwa bei ya juu, kuunga umeme wa jirani usiku: hayo nayo huitwa "kutumia akili" siku hizi, na vijana huyasifu. Kipimo ni chepesi. Afaraguaye huongeza kitu ambacho hakikuwapo. Mjanja hukihamisha kutoka mfuko wa mwenziwe. Kijana wa dumu alifanya kazi yake mchana, mbele ya watu wote, wakihesabu pamoja naye. Mwenye mizani mbovu naye alikuwa amefaragua, kwa namna yake, lakini hakutaka mtu ahesabu.

Na jambo la pili ni zito zaidi. Wako wakubwa watakaoyafurahia makala haya kwa sababu mbaya. Watayakata na kuyabandika ukutani, na mwalimu akija kuomba chaki watamwonyesha kwa kidole: faragua! Hao twawaambia wazi kwamba hatukuandika kwa ajili yao. Mwalimu aweza kufaragua mizani kwa makopo. Hawezi kufaragua paa la darasa, wala mshahara wa mwezi. Muuguzi wa zahanati aweza kutengeneza sanduku la kuhifadhia kadi za wagonjwa. Hawezi kufaragua dawa. Tumekwisha ona lililotokea pale neno zuri liliposhikwa na mikono mibaya. Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa na Mwalimu Nyerere mwezi wa Machi 1967, ilitaka shule iwe na shamba ili watoto wajifunze kwa kazi, na washiriki wenyewe katika kupanga na kuamua. Pahali pengi shamba likageuka kuwa adhabu: mtoto analima asichokipanga, na mavuno hajui yanakwenda wapi. Anayeitwa ajitegemee huku hana sauti juu ya jasho lake anatumikishwa, hata kama wimbo wa kujitegemea unaimbwa.

Kwa hiyo hatukuzikataza barua. Twataka zibadilike. Barua ya sasa husema: hatuna, tunaomba. Barua ya tawi linalojua kufaragua husema: tulihitaji watu hamsini wakae, tumegonga mabenchi tisa kwa mbao zilizotolewa na mzee fulani na kazi ya mafundi wawili, gharama yake ilikuwa misumari, yamebaki mabati 14, ambayo hayatengenezwi kijijini, twataka kujua fungu lililopitishwa katika kikao cha wilaya limefika wapi. Barua hiyo ina uzito mwingine. Mwandishi wake ameweka hesabu ya alichokifanya na hesabu ya anachokidai. Kijiji cha dumu hakikuendelea kupimia mahindi kwa dumu. Kilitumia dumu kuujua ukweli, kisha kikadai mizani ya haki, na ni wajibu wa wenye mamlaka kuileta na kuikagua.

Tungependa kila Katibu wa tawi afungue daftari jipya, la kurasa 40 linatosha, na kabla ya kikao kijacho aandike ndani yake, kwa kuzunguka nyumba hadi nyumba na si kwa kukaa na kukumbuka: nani ni seremala, nani anashona, nani anajua kutengeneza redio au pampu, nani alikuwa mpishi wa shule, mwalimu mstaafu ni yupi, nani ana baiskeli, nani ana mti uliokauka shambani ambao hauna kazi. Waulizwe na wazee. Wapo wanaojua kusuka mkeka usiopitisha vumbi, kuchoma matofali kwa pumba, kuhifadhi mbegu juu ya moshi wa jikoni, na hakuna aliyewauliza kwa miaka 20 kwa kuwa tulidhani hawana digrii. Waulizwe kwa heshima na majina yao yaandikwe kamili, Bibi Fulani binti Fulani, si "mama mmoja wa pale bondeni". Kila mwenye ujuzi aombwe kumfundisha kijana mmoja. Na kila mkutano utenge robo saa mtu asimame aeleze alichokijaribu, hata kama kilivunjika. Aliyejaribu kikavunjika asizomewe, maana mkimzomea huyo mmewanyamazisha kumi.

Sisi wa uenezi tutafanya sehemu yetu. Tunapotembelea matawi tutaomba kuliona daftari hilo kwanza, kabla ya kitabu cha wageni. Na barua za kuomba viti zitakazoendelea kutufikia tutazirudisha kwa wenyewe kwa njia ile ile zilikopitia, zikiwa na swali letu chini ya sahihi zile tatu: maseremala wa kata yenu ni akina nani, na mara ya mwisho mlizungumza nao lini?